Siku Niliyofagia Nyumba Iliyoungua

Kuna siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiitaja uso wangu unapata joto. Ilikuwa wakati wa Mjerumani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha upande wetu huu wa Kilombero, lakini watu walikuwa hawajarudi wote. Sisi tulikuwa tumejificha kwenye matete, katikati ya maji, huko chini kuelekea Malinyi. Huko ndiko nilikomzaa Maria, yule mliyemwita shangazi. Tuliporudi kijijini kwetu, upande wa Mchombe, tulikuta nyumba yetu ni majivu na visiki vya nguzo. Nani aliwasha moto, wapiganaji au askari, mimi sikuona, na nisichokiona sikisemi.

Siku chache baadaye mume wangu, Lihawa, alichukuliwa kwenda kutengeneza barabara. Nikabaki na mtoto mchanga na mama mkwe wangu, Binti Mponda, tukilala chini ya kibanda cha matete ambacho hata umande kilikuwa hakizuii. Maria akaanza kukohoa. Na mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujikusanya kwenye milima.

Hapo ndipo jumbe wetu, Mzee Kigwa, alipotuita kutueleza neno lililotoka boma. Serikali ilitaka watu warudi kulima. Kwa hiyo nyumba iliyoungua, karani akija akaiona na kuiandika, mwanamume wake ataachiwa kazi ya barabara mpaka amalize kujenga, na mwenye nyumba atapewa mbegu ya mpunga. Mwanangu, serikali ile ilikuwa kali. Ilinyonga watu wetu, na mimi sitaisifu. Lakini nilisikia hayo nikaona Lihawa amekwisha rudi. Nilipiga vigelegele hata maneno mengine ya Mzee Kigwa sikuyasikia. Sikuuliza: karani anataka kuona nini? Nyumba gani inaandikwa, na ipi haiandikwi? Niliondoka na furaha yangu tu.

Sasa tazama ujinga wa ujana. Karani ni mgeni, nikasema, na mgeni mkubwa. Sisi tulilelewa kwamba mgeni hapokelewi kwenye uchafu. Basi siku ya kuja kwake niliamka nikang'oa visiki vyote vya nguzo, nikavifanya kuni. Majivu nikayazoa nikayamwaga kwenye maboga. Mashimo nikayafukia nikayakanyaga vizuri. Kisha nikafagia, nikanyunyizia maji, nikafagia tena mpaka uwanja ukang'aa. Binti Mponda alikuwa ameondoka mapema kutafuta mboga, hakuniona. Mimi nikajisifu moyoni: leo atajua hapa kuna mwanamke.

Karani aliitwa Omari, mtu wa pwani, mwembamba, mwenye mwavuli. Alikuja na Mzee Kigwa. Nikampigia magoti.

“Shikamoo, Bwana.”

“Marahaba. Habari za hapa?”

“Nzuri, Bwana. Salama kabisa.”

“Mmeharibikiwa na nini?”

Na mimi, kwa adabu ile ile ya kutomlilia mgeni mlangoni, nikasema, “Ni kidogo tu, Bwana. Tunashukuru.”

Akatazama huku na huku. “Na nyumba iliyoungua iko wapi? Hapa naona uwanja wa ngoma.” Akacheka. “Dada, boma halitoi mbegu kwa ajili ya kufagia.” Mzee Kigwa alijaribu kunitetea, lakini karani alikuwa amekwisha funga daftari lake. Wakaenda zao kwenye nyumba za mbele.

Niliduwaa pale kama niliyepigwa. Halafu nikafanya kosa la pili, lililo baya kuliko la kwanza. Jirani yetu Mkopi alikuwa bado na lundo la majivu na nguzo zilizoungua kwake. Nikachukua ungo, nikaenda kuchota. Nilikuwa narudi na ungo wa pili, na kisiki begani, Binti Mponda akanikuta njiani.

“Unapeleka wapi majivu ya watu?”

Nikamweleza yote, nalia. Hakunipiga, hakupaza sauti. Alishusha mboga zake chini.

“Ulifuta ukweli kwa mikono yako,” akasema. “Sasa unataka kuujaza uongo mahali pake. Karani amekwisha pita kwa Mkopi, ameyaona majivu hayo. Akiyakuta kwetu utamwambia yalitembea? Rudisha. Halafu uje unitekee maji.”

Nikarudisha. Mkopi mwenyewe alikuwa amekaa ananiangalia. “Nilidhani unaanza biashara ya majivu,” akasema. “Nilitaka nikupe bei ya ujirani.” Nilitamani ardhi inimeze.

Nilipoleta maji, Binti Mponda aliyamwaga polepole pale ilipokuwa nyumba. Sakafu iliyokanyagwa miaka mingi haikunywa, maji yalitambaa juu yake. Lakini kila mahali niliposhindilia udongo mpya maji yalizama, na udongo ukabonyea. Tukafukua kwa mikono. Ndani kabisa mkaa ulikuwepo, mweusi, umekaa kama nguzo ilivyokuwa imekaa. Mashimo tisa, mwanangu. Nyumba yetu nzima ilikuwa imejichora chini, mimi nilikuwa nimefagia juu tu.

“Sasa waite walioijenga,” akasema.

Kwetu zamani siku ya kusimamisha nyumba kila jirani alikuja na nguzo yake moja, akaisimika mwenyewe. Kwa hiyo hakuna aliyesahau nguzo yake ilisimama wapi. Nikawakimbilia. Wakaja Mkopi, Njahiti na mkewe, Libanda, na wengine wawili, Sefu na Hamisi, ndugu wa Mzee Kigwa. Kila mmoja akasimama kwenye shimo lake. Binti Mponda akasimama kwenye la mlangoni, kwa ajili ya mwanawe, na mimi kwenye langu.

Karani alipokuwa anarudi alituona kwa mbali, akasimama. “Hii tena ni nini?”

“Nyumba yangu, Bwana,” nikasema. Safari hii sikusema ni kidogo. “Iliungua yote, na kitanda, na mtungi, na mikeka miwili. Asubuhi nilifagia kwa sababu unakuja. Nilikosa. Mashimo haya hapa, na waliosimika nguzo ndio hawa.”

Akaja akachungulia shimo moja moja, akiuliza kila mtu alileta nguzo gani.

“Yangu ilikuwa mninga safi,” akasema Njahiti.

“Mninga!” Mkopi akadakia. “Ule mti uliopinda kama mguu wako?”

Hata karani alicheka. Mke wa Njahiti akaninong'oneza, “Taja na lile dungu lenu la shambani, uandikiwe nyumba mbili.” Kweli dungu letu la kuwingia ndege nalo liliungua. Nikamuuliza karani wazi kama dungu linahesabiwa. Akasema hapana, inaandikwa nyumba wanamokaa watu, si kibanda cha shamba. “Basi ni moja,” nikasema. Akanitazama, akatikisa kichwa kukubali.

Shimo moja lilikuwa halina mtu. Karani akauliza, “Na hili?”

Binti Mponda ndiye aliyesema, “Hilo ni la Ngalape, kaka yangu. Alikwenda vitani, hakurudi.”

Karani Omari akalitazama lile shimo. Kisha akaandika. Mzee Kigwa, aliyekuwa anachungulia juu ya bega lake, alitusomea: nyumba moja, nguzo tisa, na majina tisa. Jina la Ngalape lilikuwemo.

Mwezi haukuisha Lihawa akarudi na mbegu kwenye mfuko. Tulisimamisha nyumba, na mvua ya kwanza ilitukuta tumekwisha ezeka upande wa kulala mtoto. Maria aliacha kukohoa, akakua, mkamjua. Kila ninapokumbuka nawashukuru Mkopi na utani wake, na Njahiti, na mkewe, na Libanda, wale ndugu wawili Sefu na Hamisi, na yule karani aliyekubali kugeuka nyuma. Zaidi ya wote namshukuru Binti Mponda, aliyenikaripia bila kunivunja.

Mwanangu, nasikia siku hizi nanyi mnaandikisha nyumba zenu kwenye bima ya serikali. Ni jambo jema, andikisha. Lakini usipige vigelegele kabla hujaelewa. Kaa na mwenye karatasi, muulize inalinda nyumba gani na haigusi nini, ikiungua ni vipi, maji ya mto yakiingia ni vipi, na uende kwa nani, kabla ya siku ngapi. Kama husomi kama mimi, muombe anayesoma akusomee mara mbili, wala usione haya. Siku ya mabaya ikifika, okoa watu kwanza, zuia kisizidi kuharibika, lakini usitupe wala kusafisha mpaka mkaguzi ameona. Waite majirani waone kungali hivyo hivyo. Na akikuuliza, weka adabu ya salamu kando: taja kilichoharibika kimoja kimoja kwa jina lake. Usipunguze kwa haya, usiongeze kwa tamaa. Wakikukatalia mara ya kwanza, usikimbilie uongo wala usikate tamaa. Rudi na ukweli uliochimbwa vizuri.

Na ishi na watu vizuri ungali na paa, maana hao ndio watakaosimama kwako siku huna.

Mungu akujalie nyumba yenye sauti za watoto. Ikipatwa, isipatwe ukiwa peke yako. Na utakapokuwa mzee kama mimi, uwe na majina mengi ya kushukuru kuliko muda wa kuyataja. Amina, mwanangu.