Siku Baba Aliponisemea Hospitalini

Mwanangu, ipo siku moja ya likizo naikumbuka mpaka leo, na kila nikiikumbuka natamani sana nimwone tena baba yangu. Nilikuwa nimerudi nyumbani Ushirombo kutoka chuoni, mwaka wa pili. Hedhi ilipoanza nilijikunja kitandani, natapika, miguu imekufa ganzi. Kila mwezi ilikuwa hivyo. Mitihani ilikuwa inanipita, na moyoni nilishaamua kuacha masomo.

"Vumilia, mama," mama aliniambia akinipapasa mgongo. "Ukizaa yatakwisha." Naye masikini alikuwa ameambiwa hivyohivyo na mama yake.

Baba alikuwa uani akifunga ndama. Kwetu Usukumani mambo haya hayasemwi mbele ya baba. Lakini alikuja akasimama mlangoni, uso ameugeuzia nje, akasema, "Ng'ombe wangu akilala chini namwita bwana mifugo. Mwanangu ndiye nimwache? Inuka, twende."

Akanipakia kwenye baiskeli. Kila penye mashimo alishuka, akaikokota taratibu. Hospitalini daktari aliniuliza shida yangu, nikainamisha uso kwa haya. Baba ndiye aliyejibu: "Binti yangu anaumia akiwa kwenye siku zake. Amezidiwa."

Nilipimwa. Nikapewa dawa, nikaelezwa niimeze mapema tumbo likianza kusokota, niwe nimekula, na nijikande kwa chupa ya maji ya moto. Maumivu hayakuisha kabisa, lakini yalipungua, nikaweza kukaa darasani. Nikahitimu.

Tangu hapo alikuwa akinipigia simu chuoni: "Umekula, ng'wanawane, mwanangu?" Hakuuliza zaidi, nami nilielewa anaulizia dawa. Sasa ni miaka mingi tangu tumzike, na bado kuna siku natamani simu ilie, iwe yeye.

Nawe mwanangu unayesoma huko mbali, usijifungie bwenini ukiuma shuka. Sema. Mwambie mwenzako wa chumbani, nenda zahanati. Dawa meza kama ulivyoelekezwa, usiongeze kwa kubahatisha. Na maumivu yakikuangusha kila mwezi, omba upimwe; usikubali kuambiwa ndivyo wanawake walivyo. Mungu akupe afya, akukutanishe na watu wa kukusikiliza, na ukijaliwa watoto, uwe na masikio ya kuwasikia.