Sura Juu ya Manjanja

Huyu kandida wa Ruashi, akisema kwa sauti yake kubwa «masomo ya Leta», ni kusema shule za serikali, mu soko, kuku ba kule mbali Naviundu banaamka kutaga. Lakini mwalimu akipita, ananyamaza, anavua kofia, anasimama wima sawa mutoto wa kalasa, hata tonge ya bukari, ile ugali, ikiwa mu mukono. Bantu banasema anatafuta kura. Basi kama ni vile, alianza kuzitafuta tangu ndevu hazijaota.

Ile siku alifika ku masomo kuomba kura, akakuta mvula inaingia mu kalasa ya Mwalimu Estelle kupitia tundu ya manjanja, yale mabati ya paa, batoto banahama na viti vyao. Akaenda kushusha kaliko yake, kile kitambaa cha kampeni, ku njia panda, ile moja tu yenye sura yake kubwa, akapanda mwenyewe kuziba ile tundu. Sura ikaangalia chini mu kalasa, batoto bakacheka.

«Papa kandida, meno yako inatuchunga mu interro, sawa musimamizi wa mutihani.»

Akaigeuza, sura ikaangalia mbingu.

«Na kura, papa?» Mwalimu Estelle akauliza kutoka chini. «Huko juu nani atakuona?»

«Kunguru, mama. Weye fundisha.»

Mvula ikapiga ile sura mpaka jioni, na chini tablo ya kuandikia ikabakia kavu. Sasa ba kunguru ba Ruashi bakimukuta mu njia banainamisha vichwa. Kama hauamini, kuja uone.