Mvua ya Maharage

Mama yangu aliimba wakati wa mvua tu, na sisi hatukuwahi kumsikia.

Nieleze vizuri. Tulikaa kambi ya polisi Jinja, ndani ya yunipoti, ile nyumba ya duara ambayo ukuta ni bati na paa ni bati, kama sufuria kubwa iliyofunikwa watu wakasahauliwa ndani. Pazia liligawa chumba: huku wazazi, huku sisi watoto na magunia. Jua likiwaka, tunaiva. Mvua ikinyesha, maneno yote yanaisha. Hata mtu aliyekuegemea begani humsikii. Baba, aliyezoea kutoa amri, aligeuka bubu kama sisi, akawa anaongoza nyumba kwa midomo. Anaisukuma kuelekea beseni: liweke pale panapovuja. Anaisukuma kuelekea mlangoni: viatu vyangu viko nje, mnangoja nini?

Hapo ndipo mama alipoimba. Aliinama juu ya sigiri, jiko letu la mkaa, ametugeuzia mgongo nusu, na mdomo wake ukaanza kwenda. Shingo inanyooka, macho yanafumba. Wimbo wa kanisani au wa kwao, hakuna aliyejua. Mvua ikianza kupungua tu, anafunga mdomo na kuuliza nani amemaliza chumvi.

"Mama, ulikuwa unaimba."

"Mimi? Nilikuwa natafuna."

Sasa, mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu shuleni waliota Ulaya. Mimi niliota kurudi kabla chai haijapoa. Watalii wanavuka dunia kuja Jinja kuuona Mto Nile, na mimi niliuona pale tu nilipotumwa upande ule. Kwa hiyo nilipomaliza sinia siksi, mwaka wa mwisho wa sekondari, shangazi yangu wa Mbale, dada yake baba, akapiga simu kusema mjini kwao kuna darasa la mambo ya muziki, nami nikakae kwake mtaa wa Nkoma. "Afadhali aje huku," alimwambia baba, "kuliko kukalia makochi yako mpaka yazame." Nililia kutoka Jinja mpaka Iganga. Pale Iganga nikanunua mahindi ya kuchoma, nikala, kisha nikaendelea kulia.

Nilidhani nitafundishwa kinanda. Siku ya kwanza mwalimu, mwanamume mwembamba mwenye spika inayomzidi umbo, alituketisha mbele ya friji bovu, akaliwasha, akanyamaza. Tukanyamaza naye.

"Mnasikia nini?" akauliza baadaye.

"Nasikia njaa, mwalimu," akajibu kijana mmoja wa palepale Mbale, ambaye tangu hapo alijipa kazi ya kunitania.

Jioni mama akapiga simu. "Leo mmesoma nini?"

"Tumesikiliza friji."

"Likasema nini?"

Nilikuwa nimeanza kunogewa. Mwalimu alitukataza ngoma. Alisema kila mgeni anayefika Mbale anataka ngoma kutoka kwetu, basi sisi tutampa geti. Na kweli, tulibandika vipaza sauti vidogo kwenye geti la darasa, upepo ukalivuta, likalia kama ng'ombe aliyefiwa. Tulirekodi spoku za baiskeli. Tulichukua kengele ya kanisa tukaipunguza mwendo mpaka ikawa kama mtu anayejaribu kukumbuka jina lako. Hakuna wimbo, hakuna mdundo. Na bado nywele za mkono zinasimama. Nilirudi Nkoma nikiwa nasikiliza kila kitu, hata kijiko cha shangazi kikombeni, mpaka akaniuliza kama nakidai hicho kijiko.

Kisha mwalimu akatupa kazi: "Leteni sauti ya mahali mnapopatamani."

Wengine walikuna vichwa. Mimi nilijua kabla hajafunga mdomo. Na nilijua kitu kingine ambacho sikumwambia mtu: kwenye kompyuta yake nilikuwa nimemwona akichambua sauti, anaondoa kelele hii, anabakiza ile. Nikawaza, nikiirekodi mvua ndani ya yunipoti, labda mvua inaweza kuondolewa, akabaki mama.

Ilibidi niharakishe. Baba alikuwa anastaafu, na nyumba ya kambi ni ya kazi. Kazi ikiisha, unarudisha. Tena yunipoti zetu zilikuwa zinang'olewa ili yajengwe maghorofa.

Nikaazima rekoda ya darasa, nikaenda Jinja.

"Hii kitu inakula nini?" mama akauliza, akiigusa kwa kidole kimoja.

"Betri, mama."

"Basi inakula kuliko wewe."

Mvua ikagoma. Jinja hii hii, ambako ukianika nguo tu wingu linapewa taarifa, ilikaa mbingu safi kama sahani ya mgeni. Mama alianika kila kitu makusudi, hata mapazia, kuichokoza. Baba alitoka nje akaitazama mbingu kwa lile jicho la kazini, jicho la kumwambia mtu atoe kitambulisho. Wapi. Siku ya kurudi ikafika, jua limesimama juu ya bati.

Nikaona nisiondoke mikono mitupu. Nikaiweka rekoda juu ya meza, taa yake nyekundu ikawaka. Mwalimu alikuwa amesema ukirekodi nyumba, toka, pumzi zako zitaharibu. Nikawaambia, "Mimi naenda bombani. Nyinyi kaeni kama kawaida. Ongeeni, pikeni, gombaneni."

"Kama kawaida," baba akaitikia kwa sauti ya kupokea amri.

Nilikaa pale bombani, nimeridhika, nikiwawazia wanavyopiga kelele. Niliporudi nikafungua mlango.

Baba amekaa kwenye kiti, mgongo wima, mikono juu ya magoti. Mama pembeni yake, mikono imefumbatwa. Wadogo zangu wamepangwa kitandani kwa urefu, kama kwaya inayongoja kuitwa. Sigiri imezimwa. Hata kuku alikuwa ametolewa nje.

"Tumefaulu?" baba akanong'ona.

Nilitaka kulia na nilitaka kucheka. Kosa lilikuwa langu, mtoto wa polisi niliyesahau nimelelewaje. Baba alikuwa akirudi nyumbani na redio koli, ile redio ya mkononi ya kazini, na taa yake ikiwaka kila mtu hujifunga mdomo palepale alipo, tonge likiwa hewani. Tulijua hilo kabla ya kujua kutembea. Mashine ikiwaka taa nyekundu, binadamu ananyamaza. Nami nimewawashia taa nyekundu nikawaambia wagombane.

Mbale, mwalimu akaicheza rekodi yangu mbele ya darasa.

"Dada," mtani wangu akasema, "umesafiri mpaka Jinja kuleta kimya? Kimya si kiko hata Nkoma kwenu?"

Mwalimu hakucheka. Akaongeza sauti, akaongeza tena. Bati likaanza kutoka: ta, kisha kimya, kisha ta-ta, vile linavyojinyoosha jua linapohama. Niliyajua hayo mapigo kama ninavyojua vidole vyangu. Nikasikia mdogo wangu akimeza kicheko. Nikasikia kiti cha baba. Halafu, karibu kabisa, mnong'ono wa mama.

"Amekonda."

"Sss. Mashine," baba akamkanya.

"Isikie. Amekonda."

Darasa likaanguka kicheko. Nikacheka pia, kisha nikasema naenda kuangalia geti. Nililiangalia muda mrefu lile geti.

Mwalimu alisema hiyo ndiyo kazi bora aliyopewa muhula ule. Sikubishana naye. Lakini sikwenda Jinja kutafuta kazi bora. Nilikwenda kutafuta mvua yenye mama ndani yake.

Haikuchukua muda baba akapiga simu. Wamehama, wamepanga nyumba Nalufenya, palepale Jinja, ya matofali, ina vyumba na silingi, dari inayomeza kelele za paa. Yunipoti imefunguliwa bolti, ikalazwa majanini vipande vipande, mabati yamebebana kama sahani zilizooshwa. Alisema hivyo kisha akakohoa na kumpa mama simu.

"Nyumba nzuri," mama akasema. "Jana mvua imenyesha sisi hatuna habari. Nguo zote zimelowa."

"Sasa mvua ikinyesha unafanya nini?"

"Nafanya nini? Naanua."

Nilikata simu nikakaa barazani kwa shangazi. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na bati lililobaki fundi alipomaliza banda. Nikaliegemeza ukutani, nikaweka rekoda chini yake, nikachukua maharage jikoni, nikayamwaga toka juu, kiganja kwa kiganja.

"Hayo ni ya Jumapili!" shangazi akapiga kelele dirishani.

"Nayaokota, shangazi!"

"Utayaokota na mawe! Kaka yangu aliniletea mwanafunzi au kuku?"

Kelele zake zikaingia kwenye rekodi, nikaanza upya. Maharage peke yake ni manyunyu. Mwalimu akanionyesha kulaza sauti moja juu ya nyingine, na nyingine tena, mpaka manyunyu yakawa mvua, na mvua ikawa ile ya kwetu, isiyoruhusu mtu kusema. Niliivaa masikioni nikafumba macho. Ilikosa harufu ya sigiri tu.

Nilipokwenda Nalufenya mara ya kwanza sikuijua nyumba, ikabidi baba asimame barabarani kunielekeza. Ndani kila mtu alikuwa na chumba na hakuna aliyejua aweke wapi mikono. Alasiri mvua ikashuka. Niliiona dirishani, silingi haikusema kitu. Mama alikuwa jikoni, mlango wazi, ameinama juu ya sigiri. Nikaona shingo yake inanyooka. Mdomo ukafunguka, sauti ndogo ikatoka, nayo ikasikika nyumba nzima. Akaikata. Akageuka kutuangalia, kama mtu aliyekutwa anajipima nguo ya mwingine.

"Nani amemaliza chumvi?" akauliza.

Nikatoa spika ndogo niliyokuja nayo, nikaiweka juu ya kabati, nikaicheza.

"Hiyo nini tena?" mama akauliza.

"Mvua."

Akasikiliza, kichwa upande. "Mvua wapi. Haya ni maharage."

"Ni maharage ya shangazi."

"Amekubali yeye? Kweli Mbale kuna maajabu." Akatikisa kichwa, akarudi kwenye sigiri yake.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Alinitazama, akaitazama spika, kisha akasukuma midomo kuielekea, polepole, kwa namna ile ya zamani: ongeza.

Nikaongeza. Wadogo zangu wakaziba masikio wakicheka, na vicheko vyao sikuvisikia. Niliongeza mpaka mwisho, mpaka kijiko juu ya kabati kikatetemeka.

Rekoda ilikuwa kwenye begi miguuni pangu. Niliiacha humo. Jikoni, mgongo nusu kwetu, mdomo wa mama ulikuwa umeanza kwenda.