Mwajiri wa Mama

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Katandala, na nafundisha Uraia. Kwa hiyo niulizeni sheria inavyotungwa. Muswada unasomwa, unapelekwa kwenye kamati, unarudi, unajadiliwa, unapitishwa, Rais anatia saini. Nimechora mishale ya hatua hizo ubaoni miaka kumi na moja, kwa chaki za rangi zikiwepo. Siku sheria ilipomfikia mama yangu mzazi, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya mafuta katika duka la mtu, mtaa wa Mazwi, naitazama kwenye televisheni kama watu wengine.

Mama alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi katika hospitali ya misheni, mwendo wa saa moja kutoka mjini kwa bodaboda. Alianza kabla mimi sijaingia darasa la kwanza. Sista Mkuu wa wakati ule alimkuta akipalilia ulezi, akamuuliza kama anaweza kufua mashuka. Akafua mashuka, akabeba maji, akaosha vichanga, mpaka akawa mtu ambaye wajawazito walimuulizia mlangoni kabla ya kumuulizia mkunga. Katikati ya miaka hiyo Serikali na misheni wakakubaliana: hospitali ibaki ya misheni, mishahara itoke serikalini. Mama hakuona tofauti. Aliendelea kumsalimia Sista kila asubuhi kwa kupiga goti na makofi, kama tunavyowasalimia wakubwa kwetu Ufipa.

Halafu ikaja fomu ya uhakiki wa watumishi. Mama aliileta kwangu, mtaa wa Izia, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kuchoka, na kwa sababu alipenda kuwaambia wenzake kwamba mwanawe ana mwandiko mzuri. Tulienda vizuri mpaka tukafika kwenye mstari wa mwajiri.

"Mama, wanauliza mwajiri wako ni nani."

"Misheni."

"Lakini mshahara unatoka serikalini."

"Serikali inaleta mshahara tu, baba. Walionipa kazi ni masista. Kwani anayekuletea barua ndiye aliyekuandikia?"

Nilijua jibu linalotakiwa. Nalijua hata nikiwa usingizini. Lakini nyinyi hamjabishana na mama yangu. Kwa watu wa umri wake, misheni ndiyo iliyowabatiza, ikawafundisha kusoma, ikawatibu, na ndiyo itakayowazika. Kuikana kwa maandishi, tena kwa mkono wa mwanawe, angeona aibu kwenda kupokea komunyo Jumapili. Nami nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Nikaandika MISHENI kwa herufi kubwa, nikaona nimempa mama heshima yake.

Mwaka uliofuata muswada ukaingia bungeni, na ndani yake kulikuwa na kifungu kuhusu watumishi wanaolipwa na Serikali katika taasisi za dini. Walio wa Serikali wangehamishiwa vituo vya Serikali na haki zao zote. Walio wa taasisi wangeachiwa taasisi zao. Mama alikuwa amebakiza miezi minane kustaafu. Akihesabiwa wa Serikali, anastaafu na pensheni yake. Asipohesabiwa, miaka yake zaidi ya thelathini inaishia kwenye neno asante. Nilipousoma muswada huo nikaukumbuka ule mstari, nikakosa raha wiki nzima. Mama nilimwambia tu kwamba wanajadili habari za hospitali zao. Akasema atakuja kusikiliza mwenyewe.

Alikuja na sweta mbili, moja juu ya nyingine, maana ule ulikuwa mwezi wa sita na upepo wa kwetu mnaujua. Mwenye duka ni Mwislamu, muuza mablanketi na mafuta ya kula, na watoto wake wote watano wamezaliwa katika wodi ya Mama. Akampa shikamoo, akamkalisha kwenye kiti pekee cha dukani, akaagiza chai, akaongeza sauti ya televisheni.

Mbunge wa kwanza alisema Serikali haina dini, kwa hiyo haiwezi kulipa watu wanaofanya kazi chini ya msalaba.

Mwenye duka akasonya. "Wanangu watano wamezaliwa chini ya msalaba huo huo. Sijaona aliyetoka na rozari."

Mama akacheka mpaka chai ikamwagika.

Akasimama mwingine. Huyo, jamani, alizungumza! Alisema wapo akina mama kule pembezoni waliofua damu za uzazi kwa mikono yao tangu ujana, na leo tunathubutu kuwauliza ni wa nani. Mama akaweka kikombe chini. Mimi nikaanza kuamini ile mishale yangu ya ubaoni. Kengele ikalia, Spika akamwambia muda wake umekwisha.

"Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Akakaa.

"Amekubali au amekataa?" Mama akaniuliza.

"Amekubali, Mama."

"Mbona alikuwa anatutetea?"

Mwenye duka alijifanya anapanga mablanketi.

Waziri alijibu kwa upole kabisa. Hakuna mtumishi atakayeonewa, alisema. Serikali itafuata vile watumishi wenyewe walivyojaza kwenye fomu zao za uhakiki.

"Basi vizuri," Mama akasema, akajifunga vizuri kitenge chake. "Sisi tulijaza."

Kisha wakaambiwa wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na waliosema ndiyo wakashinda. Ilichukua muda mfupi kuliko kumaliza kikombe cha chai. Nilimsindikiza Mama mpaka kwenye bodaboda nikiwa na maneno mdomoni. Nilimwambia tu afunge sweta.

Siku zilizofuata nilihangaika peke yangu. Afisa utumishi, binti mwenye adabu, alitoa ile fomu kwenye faili akaniuliza, "Mwalimu, mwandiko huu ni wa nani?"

"Ni wangu."

Akaigeuza upande wangu, taratibu, kama ninavyowageuzia watoto hesabu waliyokosea. Akasema hana mamlaka ya kubadilisha kilichojazwa, na nilimwamini. Nikaiandikia misheni, nikiwaomba basi wao wamtambue mfanyakazi wao na wamstaafishe kama mtu wao.

Jibu lilichelewa mpaka Mama akawa ameshaagwa kazini kwa wimbo na blanketi. Lilikuja kwa jina lake. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi, bahasha ameiweka juu ya kanga safi, hajaifungua. Alikuwa ananingoja mimi niisome.

Nikaisoma kwanza kimya. Sentensi mbili za mwanzo zilikuwa shukrani kwa utumishi wake uliotukuka. Ya tatu ilisema kwamba, kwa mujibu wa kumbukumbu zao, mshahara wake ulitoka serikalini, na kwa hiyo misheni haijawahi kuwa mwajiri wake. Ya nne ilimwombea baraka.

"Wanasemaje masista?"

Nikamsomea ya kwanza na ya pili. Nikaivuka ya tatu. Nikamsomea ya nne.

Mama alibaki na gunzi mkononi, uso wake umetulia kama wa mtu aliyetoka kanisani.

"Rudia pale pa shukrani," akasema.

Nikarudia.