Mdomo wa Mama Mkwe

Kwetu mkwe hali chakula mbele ya mama wa mke wake, na mama huyo naye hatafuni mbele ya mkwe. Hata akicheka, anageukia ukutani. Watu wa mjini hupenda kusema mambo hayo yamebaki vijijini. Waje Bulengera, humu humu mjini, katika nyumba yangu ya vyumba viwili, waone jinsi mimi na mama mkwe tulivyokuwa tukipishana mlangoni kama watu waliogombana.

Alikuwa ametoka kijijini kuja kuwaangalia watoto wetu. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa mji wa Beni, mtaa wa Beu, kwa dada yake aliyejifungua. Mama mkwe alifika na jino linalomuuma, na mimi nilizipata habari hizo kupitia watoto, maana yeye asingeniambia. Nikanunua vidonge famasi, nikawapa wampelekee. Shavu likavimba. Akajifunga kitenge kuanzia shingoni mpaka chini ya macho, akaendelea kuchambua maharagwe yake. Kisha watoto wakaja wakikimbia na habari za bibi yao: koko haumwi tena!

Nilifurahi kama mjinga. Kumbe maumivu yalipungua kwa sababu usaha ulikuwa umeliacha jino na kutafuta njia nyingine.

Kesho yake asubuhi nilimkuta uani, ameketi kwenye kiti kifupi, ameinama mbele, mikono magotini. Kitenge kilikuwa kimelowa mpaka kifuani. Nikadhani amejimwagia maji. Nilipomwamkia alinijibu, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mtu mwenye tonge la bugali ya moto mdomoni. Nikaingia ndani nikampigia mke wangu simu.

"Iko anameza mate?" akauliza.

"Minajua aje? Amefunika mudomo."

"Mufunue."

"Mama yako? Mimi?"

"Papa batoto, sikia. Jino yenye kuuma inaweza kungoya. Lakini kama amevimba chini ya kidevu, kama mudomo inakatala kufunguka, kama mate inamwanguka, ile hapana ya kungoya. Ile inafunga njia ya hewa. Angalia sasa hivi!"

Nilitoka nikiwa na simu mkononi. Nikapiga magoti mbele yake, nikasema, "Mama, unisamehe," nikanyoosha mkono kwenye fundo la kitenge. Akaushika mkono wangu. "Hapana, mukwe," akasema kwa ile sauti nzito. "Hapana." Nikafungua.

Shingo haikuwepo tena. Kutoka kidevuni mpaka kooni palikuwa pamejaa, ngozi imevutika inang'aa, na nilipogusa palikuwa pagumu kama ubao. Mwili ulikuwa wa moto. Nikamwomba afungue mdomo, akajaribu, na meno yakaachana kiasi cha kupitisha ukucha tu. Ulimi ulikuwa umesukumwa juu. Mate yakatiririka kwenye kiganja changu naye akafumba macho kwa aibu. Niliona aibu pia, lakini hasira iliipita aibu: hasira na kitenge, na vidonge vyangu, na mababu wote waliotufundisha adabu bila kutuambia inakoma wapi.

Jirani aliwachukua watoto, akaita pikipiki mbili, moja ya mama mkwe na moja yangu, kama heshima inavyotaka. Nikaifukuza moja. Nusu shari kuliko shari kamili. Tulipanda wote kwenye ile iliyobaki, dereva mbele, mama mkwe katikati, mimi nyuma nimemkumbatia kiunoni, na majirani wakiwa wamesimama kwenye vizingiti vyao wakitazama. Nilitaka anilalie kifuani apumzike, akakabwa, akajivuta mbele kwa nguvu. Basi nikamwacha ainame, nikamshika mabega. Kwenye mlima nilianza kusikia mluzi mwembamba kila alipovuta hewa. Nilivuta pumzi pamoja naye, kana kwamba ningeweza kumsaidia. Niliogopa sana. Nilijiona nikimpelekea mke wangu maiti ya mama yake juu ya pikipiki.

Hospitalini, mhudumu wa mapokezi aliangalia shavu tu. "Ba jino ni kesho," akasema. "Dentiste hapana iko leo."

"Hapana jino!" Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. "Hawezi kumeza! Anakosa hewa! Sikia mwenyewe!"

Akausikia ule mluzi. Akakimbia kumwita daktari.

Daktari hakumlaza. Alimwacha ameketi vilevile, wakamvalisha barakoa ya oksijeni, wakamchoma sindano, wakatundika maji, na akaniambia nimshike kichwa kwa sababu hapakuwa na ndugu mwingine. Nikamshika kwa mikono miwili, paji la uso wake kwenye bega langu. Daktari alipasua chini ya kidevu. Harufu ilijaa chumba. Vidole vya mama mkwe vilizama kwenye mkono wangu, na mimi sikuthubutu kusogea.

Mchana tulikuwa wodini. Bomba dogo lilitoka chini ya kidevu chake, na beseni la mate lilikuwa mapajani. Daktari alikuwa amesema bado hatujavuka, tungoje. Nilikaa kitandani kwake, mahali ambapo mkwe hakai, nikiangalia koo lile. Alitema. Akatema tena. Baadaye akalisukuma beseni pembeni, akakunja uso, na nikaona koo likipanda, likashuka.

Simu ikalia. Nilipokea nikashindwa kusema, machozi tu. Kule Beni mke wangu akapiga yowe, na nyuma yake nikasikia wanawake wa Beu wakimwitikia, wanamlilia mtu aliye hai.

"Nyamazeni!" nikapaza sauti mpaka wodi nzima ikageuka. "Munyamaze! Mama amemeza mate!"