Kuzamia Nikiwa Nimekaa Kitini

Daktari aliponikataza kuzamia pweza kwa sababu ya sikio lililotoboka, nilinuna hadi mke wangu akachoka kunibembeleza. Kazi nyingine sikuijua, na wala sikutaka kuijua. Ndipo watafiti walipokuja kijijini kwetu Utende wakitafuta mwenyeji wa kuendesha roboti ya majini: unakaa kwenye boti, unatazama kioo, unashika rimoti, nayo roboti inateremka na waya wake hadi kwenye matumbawe. Nikajitapa kijiji kizima. Huko chini napajua kuliko chumbani kwangu, nani ataniweza?

Siku ya majaribio, roboti ilipoanza kuzama tu, nikavuta pumzi kubwa nikaifunga. Wallahi sikujijua. Kisha nikabana pua kusukuma hewa masikioni, kama afanyavyo mzamiaji, na roboti iliyoachwa na mkono mmoja ikazunguka kama pia. Mara kwenye kioo nikaona pango, na pweza mwenyewe ndani. Mkono wa pili nao ukaiacha rimoti, ukaenda kiunoni kutafuta mkuki.

“Kaka, vipi? Mbona macho yanakutoka?” aliuliza mtafiti, dada mpole aliyekaa karibu yangu.

“Huyu kaziba pumzi!” nahodha akapiga kelele. “Yumo botini, anazama!”

Nikaanguka kutoka kitini. Walinimwagia maji ya kunywa. Mtu mzima, mvuvi, nimezama nikiwa na viatu vikavu.

Nilijua kazi imekwenda. Iliniuma sana, maana bila ile roboti nisingepaona tena chini. Lakini yule dada hakunifukuza. “Utaendesha huku unaongea,” alisema. “Kila unachokiona kitaje kwa sauti. Ukinyamaza, nazima mashine.”

Basi nikaropoka. Nikataja mawe, majani, kasa aliyelala. Samaki mmoja mkubwa, chewa, nikamwamkia shikamoo, nahodha akacheka hadi akakohoa. Roboti ikatulia, ikaenda nilikotaka.

“Vizuri. Sasa ipandishe,” akasema yule dada.

Sikuipandisha. Miaka yote ya kuzamia, kila nilipofika penye uzuri, kifua kilinirudisha juu. Sasa nilikuwa pale pale, nahema kama watu wengine, na machozi yananitoka mbele za watu.

“Niachieni kidogo,” nikawaambia. “Huku sijawahi kukaa.”