Asante ya Wilmar

Wilmar Etcheverry alirudi kwetu Paysandú na magoti ya mzee wa miaka sabini, ingawa alikuwa na thelathini na saba tu. Alikuwa amecheza kiungo katika klabu kumi na moja, kutoka Romania mpaka Ugiriki, akikimbia ili wengine wafunge.

Mimi ni mtunza jezi wa klabu ya hapa, alikokuja kucheza, na ndimi ninayemimina chai yetu chungu kabla ya mazoezi. Kibuyu ni kimoja na mrija ni mmoja. Ukimaliza unanirudishia kimya, zamu yako itafika tena. Ukisema asante, umetosheka, nami nakuruka.

Siku ya kwanza Wilmar alinirudishia kibuyu akasema, "Asante, mzee." Nikamruka mizunguko miwili.

"Mbona mimi sipati?"

"Si umeshukuru? Huko Ulaya wamekufundisha adabu, wakakusahaulisha kwenu."

Wachezaji walicheka, naye akacheka kidogo. Tangu hapo, msimu mzima, alinirudishia kibuyu bila neno.

Jumapili iliyopita alianguka dakika ya ishirini, bila kuguswa na mtu, akatolewa. Nilimkuta katika chumba cha wachezaji peke yake, barafu magotini, viatu bado viko miguuni. Nikammiminia. Alikunywa polepole mpaka mrija ukakoroma.

"Asante, mzee."

"Umesahau tena, wewe?"

"Sijasahau."

Nikaweka kibuyu chini, nikainama, nikaanza kumfungulia kamba za viatu.